Fidla: Sauti na Utunzaji Wake

Fidla ni ala ya muziki yenye nyuzi nne. Hutumiwa katika taarabu ya Unguja. Mpigaji huzisugua nyuzi kwa uta wenye singa za mkia wa farasi, zilizopakwa utomvu mkavu. Nyuzi hutetemeka na kutoa sauti.

Ukikaza uzi, hutetemeka upesi zaidi na sauti hupanda. Uzi wa pili, kuanzia ule mwembamba, kwa kawaida hukazwa hadi utetemeke mara 440 kwa sekunde. Zungusha kigingi polepole. Uzi ukikazwa mno hukatika.

Baada ya kupiga, legeza singa za uta na ufute vumbi la utomvu kwa kitambaa kikavu. Usiiache fidla juani wala penye unyevu, kwani mbao huweza kupasuka na gundi kuachia.

Swali: Uzi ukilegea, sauti yake hubadilikaje? Kwa nini?