Fahamu: Utajuaje mbunge wako alipiga kura gani?

Mkazi wa Kaole, anayekusemea bungeni Dodoma ni mbunge wa Jimbo la Bagamoyo, kiti alichokalia Dk. Shukuru Kawambwa hadi 2020. Utajuaje afanyacho huko?

Hoja nyingi huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki husema “Ndiyo”, wasioafiki “Siyo”. Hapo majina hayaandikwi.

Bajeti ya Serikali ni tofauti. Wabunge huitwa jina kwa jina, na kura ya kila mmoja hubaki kwenye kumbukumbu. Wakiikataa, Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge.

Kwa kulinganisha, Uingereza, sauti zikibishaniwa, wabunge hugawanyika kupita milango miwili, mmoja wa wanaoafiki na mwingine wa wasioafiki, na majina yao huchapishwa.

Hapa kwetu, maswali na michango ya mbunge wako vimo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, katika tovuti ya Bunge. Isome kabla hajarudi kuomba kura.