Moti Ikilia Nyuma, Usipandishe Ngoma

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tubonge ukweli. Moti ikianza kuvuma nyuma, uuuuu, mwendo ukipanda nao mvumo unapanda, wengi wetu tunaongeza sauti ya redio tu. Mathree imejaza abiria 14, besi inapiga, na huko chini beringi ya hafshafti inajimaliza. Kwa moti zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, ka mathree za Shark na Hilux nyingi, ile beringi na ringi yake iliyokazwa kwa presi ndizo zinazozuia shafti isichomoke. Zikiachia, gurudumu linatoka na shafti yake nzima, na dere yuko kwa mwendo. Hio ni noma ya kupoteza maisha.

Poa ni kwamba sehemu kubwa ya hii wira msee anaweza kuichapa nyumbani, bora awe na subira na ajue ni wapi anafaa kumwachia fundi.

Maji ndio yanatumaliza

Difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, ikifanya kazi inachemka. Sasa teremka kwenye rampu ya feri pale Likoni maji ya chumvi yakirusha, ama kata dimbwi Mishomoroni mvua za Aprili na Mei zikikolea. Ekseli ikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka au kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Ukifungua oili ukaikuta ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na beringi hazina siku nyingi.

Kitundu hicho kikizibwa na matope, balaa linageuka upande. Presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupita sili mpaka kwa breki. Kwa hivyo kila ukiosha moti, kisafishe nacho.

Pima kabla ya kununua

Kelele ya tairi hubadilika ukitoka lami mbovu ukaingia lami safi. Ya beringi inaendelea vile vile, ila mara nyingi inabadilika ukikata kona na uzito ukalalia upande mmoja. Piga jeki, weka nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine uko kwa springi. Ukisikia mkwaruzo, rada ni hio. Kisha lishike juu na chini ulitikise: likicheza, usiipeleke moti barabarani.

Ka una Vitz ama Probox ya kawaida, hio inavutwa mbele. Nyuma haina difu wala oili ya gia, kwa hivyo usikubali mtu akuuzie. Wewe unahitaji beringi ya habu tu.

Oili: usilipie baridi ambayo hatuna

Hapa ndipo wasee wengi wanapoteza doo. Kwa mkebe kumeandikwa 75W-90, 80W-90 ama 85W-140. Namba yenye W ni ya baridi: 75W hupimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwa nyuzi 26 chini, 85W kwa nyuzi 12 chini. Mombasa, usiku wa Julai wenyewe bado ni nyuzi 20 hivi. Kwa kuanza asubuhi, 80W inakutosha kabisa. Namba ya pili ndio inakuhusu, juu inaonyesha uzito wa oili ikishachemka. Moti nyingi zinataka 90. Ile 140 ni nzito zaidi, weka tu ka kitabu cha moti kinairuhusu kwa mizigo na joto.

Na usidhani 90 ya gia ni mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo ni viwili tofauti. Oili ya 90, kwa uzito wake, inakaribiana na 40 ama 50 ya injini. Lakini usimwage oili ya injini kwa difu. Meno ya difu yanasuguana kwa nguvu kubwa, na yanataka dawa ya salfa na fosforasi iliyo kwa oili yenye alama GL-5. Dawa hio hio inaweza kula shaba ya ndani ya giaboksi za manyuali zinazotaka GL-4. Kwa hivyo mkebe uliobaki usiumalizie kwa giaboksi kabla hujasoma kitabu.

Ukiwa dukani cheki alama ya ubora ya KEBS, halafu tuma namba ya kibali kwa 20023 ujue ka ni ya ukweli. Beringi nayo, beba ile ya zamani, linganisha namba iliyochorwa ubavuni tarakimu kwa tarakimu.

Chapa kazi

Mchanga wa Likoni unameza jeki, kwa hivyo tanguliza ubao mnene chini. Zuia magurudumu ya mbele, pandisha, kalisha ekseli kwa stendi za chuma. Matofali ya mawe hupasuka bila kukuambia, usiyaamini.

Fungua nati ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, moti imekwama hapo hapo.

Toa gurudumu na dramu. Dramu iking'ang'ania, nyingi za Toyota zina matundu mawili ya bolti: kaza pole pole kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Fungua paipu ya breki, kebo ya handibreki na nati nne za nyuma ya sahani, kisha vuta shafti kwa nyundo ya kuvuta.

Hapo ndipo nyumbani kunaishia. Peleka shafti kwa gereji yenye presi. Usigonge beringi mpya kwa nyundo, na usikubali ringi ya zamani irudishwe. Ukirudi, dunga sili mpya, ipake grisi mdomoni, ingiza shafti kwa upole isiikate. Breki shuu zilizolowa oili ya gia tupa, hata uzioshe kwa petroli hazishiki tena vizuri. Toa upepo wa breki. Jaza difu mpaka oili ianze kuchuruzika kwa tundu la kujazia, moti ikiwa imelala sawa.

Oili chafu ikusanye kwa mtungi. Ukiimwaga mtaroni itaishia kwa mikoko ya Mtongwe na Tudor, penye samaki wetu wanazalia.

Nyundo ya kuvuta na stendi ni mzigo kwa msee mmoja, lakini mbogi ya base moja ikichanga, kila moti ya mtaa inahudumiwa. Anzeni na ile inayovuma sai, kabla haijapakia watu kesho asubuhi.