Malale na Mishipa ya Fahamu: Funzo la Busoga

Askari akikutwa amesinzia lindoni mchana kweupe, jambo la kwanza linalofikiriwa ni uzembe, na la pili ni pombe. Mtoto anayelala juu ya daftari lake naye huambiwa kuwa ni mvivu. Lakini katika nchi ya Busoga, kutoka Jinja hadi Iganga na kandokando ya Ziwa Viktoria, liko jambo la tatu ambalo wazee hawalisahau, nalo ni ugonjwa wa malale. Ili kufahamu kwa nini ugonjwa huu humgeuza mtu hata tabia yake, yafaa kwanza kuujua muundo wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Chembe zipelekazo habari

Mwili wote umejengwa kwa chembe hai, ambazo shuleni huitwa seli. Zile za fahamu zina umbo la pekee. Kila moja ina kiwiliwili, matawi mafupi ya kupokea habari, na uzi mmoja mrefu wa kuzipeleka. Uzi utokao kiunoni mpaka kidole cha mguu waweza kupita urefu wa mita moja, nao ni wa chembe moja tu. Nyuzi nyingi zimefunikwa kwa ala ya mafuta, mfano wa waya wa simu uliovikwa mpira, na kwa sababu hiyo habari hukimbia upesi. Penye mwisho wa uzi pana nafasi ndogo mno, ambayo habari huivuka kwa njia ya dawa zitengenezwazo na chembe yenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una chembe za namna hiyo zipatazo bilioni 86. Nazo haziishi peke yake. Ziko chembe nyingine za kuzihudumia: baadhi huzivika ile ala, baadhi huzisaidia kupata chakula, na baadhi hufanya kazi ya polisi, yaani kukamata vijidudu na kuzoa mabaki. Aidha, kuta za mishipa midogo ya damu iingiayo ubongoni zimeshonana sana, zikawa kama lango lenye walinzi. Vitu vingi vilivyomo katika damu havipati ruhusa ya kupita.

Adui apitaye langoni

Malale huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho mbung'o humwingizia mtu anapomuuma. Kwanza hukaa katika damu na kuleta homa, maumivu ya kichwa na viungo. Pengine hutokea uvimbe mahali palipoumwa. Hapo ndipo wengi hudhani ni malaria. Baadaye kijidudu hulivuka lile lango. Chembe za kinga hukusanyika kuizunguka mishipa ya damu ubongoni. Daktari Frederick Mott wa London, aliyechunguza ubongo wenye malale mwanzoni mwa karne ya 20, aliziona miongoni mwake chembe zilizovimba mfano wa tunda la forosadi, na hadi leo zaitwa kwa jina lake.

Vurugu hiyo huifikia sehemu ya ubongo ipangayo saa za kulala na kuamka. Kwa hiyo mgonjwa halali zaidi ya watu wengine, bali usingizi wake hutawanyika: mchana husinzia, usiku hukesha. Huweza pia kuwa mkali, kusahau mambo, au kuyumba anapotembea. Malale ya Busoga hukimbia. Asiyetibiwa huweza kufa katika muda wa miezi michache. Na chembe ya fahamu ikishakufa ubongoni, kwa kawaida hairudishwi.

Misiba miwili

Kati ya mwaka 1900 na 1920, inakadiriwa kuwa watu 250,000 walikufa katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwani. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani alitangaza kuwa amekiona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Gavana Hesketh Bell akawahamisha watu kutoka ufuoni na visiwani. Ugonjwa ulirudi Busoga mwaka 1976, wakati mashamba mengi ya pamba na kahawa yalipokuwa yamegeuka vichaka. Mwaka 1980 pekee wagonjwa walipita 8,000. Siku hizi wamepungua sana, ila kijidudu hujificha katika damu ya ng'ombe bila ya kumdhoofisha sana. Mwaka 1998 kilifika Soroti pamoja na ng'ombe waliouzwa mnadani.

Sindano ya mgongoni

Daktari akikiona kijidudu katika damu, huweza kutaka pia kuyapima maji ya uti wa mgongo. Chembe nyeupe zikizidi 5 katika kila milimita moja ya ujazo, au kijidudu chenyewe kikionekana humo, hujulikana kwamba lango limevukwa. Wengi huikimbia sindano hiyo kwa kuogopa kupooza. Ukweli ni kwamba huchomwa chini ya mahali uti wenyewe unapokoma. Zamani waliofikia hatua hiyo walipewa melarsoprol, dawa yenye asili ya aseniki, iliyoweza kuua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale ya namna hii pia.

Basi, homa isiyosikia dawa ya malaria yataka kipimo cha damu upesi. Mkuu wa kikosi ampeleke hospitali kwanza askari aliyebadilika tabia, kabla ya kumwadhibu. Nao walio nyumbani wafyeke vichaka vilivyo karibu na kisima na zizi, wawapake ng'ombe dawa ya kuua mbung'o, na wasiing'oe mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi wanayoikuta porini.