Mashudu, funza na dagaa: chakula cha samaki wa kilimo hai Juba

Chakula ndicho kinachomaliza mtaji wa mfugaji wa samaki. Kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote, na Juba mzigo ni mzito zaidi kwa sababu chakula cha viwandani huletwa kwa malori kutoka Uganda, kupitia mpaka wa Nimule, ulio kilomita 192 kutoka Juba. Mfanyabiashara mmoja wa chakula cha mifugo analalamika kwamba hununua kwa dola na kuuza kwa pauni ya Sudan Kusini. Shehena inapomalizika, pauni imekwisha shuka na faida imekwenda nayo. Vizuizi vya barabarani navyo vina ushuru wake. Linalomkera kuliko yote ni mfuko wenyewe: hauonyeshi soya ilitoka wapi wala mafuta yake yalikamuliwaje.

Malalamiko hayo yanagusa kiini cha kilimo hai. Kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo wanaouza huko hulazimika kuzifuata, hukataa soya iliyobadilishwa vinasaba, mashudu yaliyokamuliwa kwa kemikali ya heksani na amino asidi za viwandani. Unga wa samaki huruhusiwa kwa masharti ya uvuvi endelevu. Dagaa wa Ziwa Victoria, mukene kwa Waganda, wana protini inayozidi nusu ya uzito wao wakikaushwa, lakini ni kitoweo cha watu, na wakianikwa chini huja na mchanga.

Mbadala ulio karibu ni karanga na ufuta, mazao ambayo Sudan Kusini inayalima tangu zamani. Mashudu ya karanga yana protini nyingi ila amino asidi ya methionini kidogo. Ya ufuta yana methionini ya kutosha. Yakichanganywa hufaana, lakini yote mawili yana upungufu wa amino asidi nyingine, lisini. Mfugaji wa kawaida huiongeza kutoka dukani; wa kilimo hai haruhusiwi. Hapo ndipo funza wa nzi askari weusi wanapopata thamani: wana lisini, wakikaushwa protini yao hufika takriban asilimia 40, na hukua kwa mabaki ya soko kama yale ya Konyo Konyo mjini Juba. Mafuta yao ni mengi, hivyo hufaa wakamuliwe kabla ya kusagwa, na mabaki wanayolishwa yakaguliwe. Hatari kubwa iko kwenye karanga: zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini la samaki.

Afisa mmoja anasema nchi inaweza kutoa tani 150,000 hadi 300,000 za samaki kwa mwaka. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, lakini ni makadirio ya samaki wa mito na vinamasi. Haimwambii mwenye bwawa lolote kuhusu bei ya mashudu. Zaidi ya hayo, samaki hao wa porini kutoka Terekeka na Bor, kando ya Nile, ndio washindani wake sokoni, na haijaonekana kwamba mnunuzi wa Juba ataongeza pauni kwa sababu ya neno “hai”.

Samaki wanaofugwa Juba ni bulti, yaani perege, na kambare, na kambare ndiye anayedai protini nyingi zaidi.

Soko la nje huenda likafunguka, huenda lisifunguke. Anayeanza sasa anunue mashudu makavu, ayapime aflatoksini, na afuge funza kabla ya kuchimba bwawa la pili.