Baridi ya Mlima Kenya Si ya Mzaha: Jinsi ya Kuchagua Mfuko wa Kulalia

Mvua inapopungua mnamo Januari na Februari, na tena kuanzia Julai, vijana wengi wa Kaunti ya Nyeri huungana na wageni kuupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru. Viatu hutafutwa mapema na jaketi huazimwa. Lakini kitu cha kulalia mara nyingi huachwa hadi dakika ya mwisho: blanketi la nyumbani, au mfuko wa kulalia wa rafiki ambao hakuna aliyeuliza ulitengenezewa baridi ya kiasi gani. Tunajiambia kwamba sisi ni watu wa mlimani na baridi tumeizoea. Makala haya yanaeleza kwa nini mazoea hayo hayatoshi, na jinsi ya kuchagua mfuko utakaokufaa.

Hesabu ya baridi

Kwa kawaida, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Naro Moru uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Mackinder, ambako wengi hulala kabla ya kuelekea kilele cha Lenana chenye mita 4,985, iko karibu mita 4,200. Tofauti ya mita 2,200 ni sawa na nyuzi 13 hivi. Kwa hivyo, usiku ambao Naro Moru ina nyuzi 9, kambini huenda ikawa nyuzi 4 chini ya sifuri. Huko maji huganda kwenye chupa. Baridi ya Julai tunayoijua mjini haijafika hapo.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini. Dalili za mwanzo ni kutetemeka sana, kisha ulimi kuwa mzito, kujikwaa na kuchanganyikiwa. Anayefikia hali hiyo mara nyingi hajui kwamba anaumwa. Wenzake ndio wanaopaswa kumtambua.

Soma nambari zote kwenye lebo

Mfuko wa kulalia hautoi joto. Hufanya kazi kama chupa ya chai: huhifadhi joto ulilo nalo. Mifuko mingi iliyopimwa kwa viwango vya kimataifa huwa na nambari tatu kwenye lebo. Ya kwanza ni kiwango cha starehe, yaani baridi ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kulala bila shida. Ya pili ni kikomo, ambapo mwanamume wa kawaida bado anaweza kulala akiwa amejikunja. Ya tatu ni ya dharura: inahusu kunusurika kwa saa chache, wala si kulala.

Wauzaji hupenda kutaja nambari ya tatu kwa sababu ndiyo inayovutia zaidi. Iache. Ongozwa na kiwango cha starehe. Kwa kambi za juu za Mlima Kenya, tafuta mfuko wenye starehe ya nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kama wewe ni mtu wa kusikia baridi haraka, lenga nyuzi 10 chini ya sifuri.

Manyoya au nyuzi za viwandani?

Mifuko iliyojazwa manyoya laini ya bata au bukini ni myepesi na hukunjika ikawa midogo, lakini bei yake ni ya juu, na ikilowa hupoteza joto karibu lote. Iliyojazwa nyuzi za viwandani ni mizito na huchukua nafasi kubwa, lakini hubakiza joto kiasi hata ikipata unyevu, na bei yake ni nafuu. Njia ya Naro Moru hupita kwenye kinamasi kirefu juu ya kituo cha Met, na mvua huweza kukukuta wakati wowote. Kwa anayepanda kwa mara ya kwanza, nyuzi za viwandani ni chaguo salama.

Mfuko wa aina yoyote ufunge ndani ya begi imara lisilopitisha maji. Usitegemee karatasi za plastiki: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa.

Ukinunua mitumba au kukodi

Si lazima ununue mpya. Kabla ya kulipa, fungua mfuko wote na ujaribu zipu kutoka juu hadi chini. Uinue kwenye mwanga uone kama kuna sehemu ambazo ujazo umehama na kubaki kitambaa kitupu. Unuse, kwa maana harufu ya uvundo huonyesha ulihifadhiwa ukiwa na maji. Kisha ingia ndani. Ukiwa mfupi, miguu itausukuma na kuubana ujazo. Ukiwa mpana mno, mwili wako utahangaika kupasha hewa tupu. Ulio mwembamba miguuni na wenye kofia ya kichwa hufaa zaidi mlimani.

Usisahau godoro jembamba la kambini. Ujazo ulio chini yako hukandamizwa na uzito wa mwili, na ardhi hunyonya joto usiku kucha.

Usiku wenyewe

Kula chakula cha moto. Vaa nguo kavu, soksi na kofia kabla ya kuingia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri husaidia sana miguuni. Pombe haipashi mwili joto: hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi na joto likapotea upesi.

Kwa wapagazi na waelekezi

Wakazi wengi wa kaunti hii hupata riziki kwa kuwabebea wengine mizigo mlimani. Mpagazi anayebeba mfuko mzuri wa mgeni huku yeye akilala na shuka yuko hatarini sawa na mtu mwingine yeyote. Kabla ya kukubali kazi, uliza ni nani atakayekupa vifaa vya kulalia na uvikague kabla ya kuondoka. Nawe unayemwajiri mpagazi, muulize amebeba nini cha kulalia. Kama hana cha kutosha, msianze safari.