Tabibu wa Usemi na Lugha ya Nyumbani: Mafunzo ya Juu na Mahitaji ya Tarime na Serengeti

Usemi ni kazi ya viungo vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja. Hewa hutoka mapafuni, hupita katika zoloto na kuzitikisa nyuzi za sauti. Kisha ulimi, meno, midomo na kaakaa huigeuza sauti hiyo kuwa irabu na konsonanti. Ubongo hutoa amri, na sikio husahihisha. Kiungo kimoja kikiharibika, usemi wote hutaabika. Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa hupitisha hewa puani. Mzee aliyepatwa na kiharusi aweza kupoteza maneno huku akili yake ikiwa timamu. Mwenye kigugumizi anajua alitakalo, lakini neno linakwama. Na mtoto asiyesikia vizuri hujifunza kusema kwa taabu, kwa kuwa hana cha kuiga.

Taaluma inayoshughulikia matatizo hayo ni tiba ya usemi na lugha. Msingi wake mmoja uliwekwa Ufaransa mwaka 1861, daktari Paul Broca alipoeleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan". Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kutoka hapo wanasayansi walianza kuelewa kwamba usemi una mahali pake katika ubongo. Wataalamu wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1925, na wenzao wa Uingereza mwaka 1945. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kilianza kazi hii mwaka 1936. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi mwaka 2008. Na hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada inayounganisha elimu ya usikivu na tiba ya usemi na lugha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Tarime au Mugumu anayetaka kuwa tabibu wa usemi sasa anayo njia ya kufuata. Lakini kumaliza chuo si mwisho wa njia hiyo. Tabibu wa usemi hutibu lugha, na lugha ya kitabu alichosomea aghalabu siyo lugha ya mgonjwa wake.

Njia ya Masomo

Anayejiandaa tangu sekondari hana budi kushika masomo ya sayansi. Fizikia humfundisha mawimbi ya sauti. Baiolojia humfundisha misuli na mishipa ya fahamu. Hesabu za takwimu humwezesha kusoma matokeo ya vipimo. Lakini pia asidharau sarufi, kwa sababu hakuna fani ya tiba inayodai elimu ya lugha kama hii.

Nchi zinatofautiana katika kiwango cha elimu kinachotakiwa. Katika Uingereza na Afrika Kusini shahada ya kwanza yatosha kumruhusu mtu kuanza kazi. Katika Marekani hapana budi kuwa na shahada ya pili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Aliyesoma fani nyingine, mathalan isimu au ualimu, aweza kuomba nafasi, ila hutakiwa kwanza kuziba mapengo: baiolojia, fizikia au kemia, takwimu, na elimu ya jamii au ya nafsi. Maombi huambatana na matokeo ya masomo ya awali, barua za wadhamini wanaomfahamu mwombaji, maelezo ya nia yake, na kwa mgeni, cheti cha mtihani wa Kiingereza. Gharama ni kubwa. Mwombaji mwenye busara hutafuta ufadhili kabla hajapokea barua ya kukubaliwa. India nayo isisahauliwe: taasisi ya taifa ya usemi na usikivu iliyoko Mysore, All India Institute of Speech and Hearing, iliyoanzishwa mwaka 1965, hufundisha fani hii hadi ngazi za juu kabisa.

Kiini cha mafunzo ni kliniki. Kwa kanuni za Marekani, mwanafunzi hutimiza saa 400 chini ya usimamizi: 25 za kutazama wengine wakifanya kazi, na 375 za kuhudumia wagonjwa mwenyewe. Akishapata shahada, hutakiwa kufanya kazi wiki 36 nyingine akiongozwa na mtaalamu mzoefu, na kufaulu mtihani wa taifa, ndipo atambuliwe kikamilifu.

Sasa na tuzitazame saa hizo 400. Wagonjwa wake ni wa nchi ile, lugha ni Kiingereza, na vipimo vimetungwa kwa kupima maelfu ya watoto wa huko. Mhitimu akirudi nyumbani hurudi na ujuzi wa kweli, lakini vipimo vyake vimefungamana na lugha nyingine.

Sauti za Kikurya

Mtoto wa Tarime aghalabu huanza kusema Kikurya. Mwenzake wa Serengeti aweza kuanza na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata. Akiingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, na kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Ni lugha tatu katika kinywa kimoja, na kila moja ina kanuni zake.

Kiswahili kina irabu tano. Kikurya kina saba, na Kiikoma na Kinata pia saba. Kikurya hakitofautishi l na r, wala hakina p, z, v au dh katika maneno yake ya asili. Sauti b na g za Kikurya ni laini: katika b midomo hukaribiana bila kufungana, isipokuwa inapotanguliwa na m, ambapo hufungana barabara. Jina la lugha yenyewe lina funzo. Kiambishi chake ni iki-, lakini wengi hutamka Igikuria: k ya kiambishi hugeuka g kwa sababu inafuatwa na k nyingine. Wanaisimu huiita kanuni hiyo Sheria ya Dahl, nayo inapatikana katika lugha kadhaa za Kibantu za Afrika Mashariki.

Juu ya hayo yote kuna toni. Katika kitenzi cha Kikurya, toni ya juu huanza katika mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina, kulingana na wakati wa tendo. Mora ni kipimo cha urefu: irabu fupi huhesabiwa moja, irabu ndefu mbili. Jambo hili ni adimu duniani. Lilichambuliwa kwa kina na Leonard Chacha Mwita katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 2008.

Mambo haya yanamhusu tabibu moja kwa moja. Tuchukue kipimo cha Kiingereza kama kilivyo. Mtoto asiyefunga midomo katika b huandikiwa kwamba misuli yake ni dhaifu. Katika Kikurya huko ndiko kutamka vizuri. Anayegeuza k kuwa g huandikiwa kosa. Katika Igikuria hiyo ni kanuni. Naye mzee wa Kikurya ambaye kiharusi kimemvurugia toni, hata wakati uliopita na ujao ukachanganyika, ataonekana mzima, kwa sababu kipimo cha Kiingereza hakiulizi toni za namna hiyo.

Mfano mwingine ni mtoto aliyeshonwa kaakaa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ili kujua kama kaakaa sasa linazuia hewa isipite puani, tabibu humtaka atamke sauti zinazohitaji mgandamizo wa hewa kinywani. Kwa Kiingereza huanza na p na b. Katika Kikurya p haipo, na b ni laini. Basi maneno ya kupimia yachaguliwe yenye t, k, ch na s. Kutafsiri orodha ya Kiingereza hakutoshi. Orodha yafaa itungwe upya kutoka ndani ya lugha yenyewe.

Makosa ya Namna Mbili

Mwalimu asikiapo mwanafunzi akichanganya "kula" na "kura", aweza kukosea kwa namna mbili. Kosa la kwanza ni kumwita mtoto mzima mgonjwa, na kumcheka au kumwadhibu kwa ajili ya mazoea ya lugha yake ya kwanza. Kosa la pili ni baya zaidi: kusema "ndivyo Wakurya wasemavyo", na kumwacha mtoto mwenye sikio bovu akae nyuma ya darasa mpaka anaposhindwa mitihani.

Kanuni ya kuwatenganisha ni nyepesi. Ugonjwa wa kweli wa usemi au lugha hujidhihirisha katika kila lugha anayoisema mtoto. Tofauti ya lugha huonekana katika lugha ya pili tu. Kwa hiyo swali la kwanza aulizwe mama au bibi yake: je, nyumbani anaeleweka kama watoto wa rika lake? Kama haeleweki huko pia, au huomba kurudiwa maneno, au hageuki aitwapo kwa nyuma, basi masikio yake yapimwe kwanza hospitalini. Mwenye kigugumizi apewe muda amalize neno lake. Kumkemea huzidisha hofu, na hofu humzidishia taabu ya kusema.

Umuhimu wa tabibu huyu umeongezeka. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwezi wa Juni 2017 kuwapandikizia watoto viziwi kifaa cha kusaidia kusikia ndani ya sikio, tiba ambayo hapo awali wagonjwa walipelekwa kuitafuta India. Kifaa hicho huleta sauti, lakini hakifundishi lugha. Mtoto huhitaji mazoezi ya muda mrefu ya kusikia na kusema, na mazoezi hayo yafaa yafanane na lugha anayozungumza mama yake jikoni.

Kazi Inayosubiri

Mwanafunzi wa Tarime au Serengeti atakayefuata masomo haya ataingia chuoni na kitu ambacho wenzake wengi hawana: masikio yanayotambua irabu saba na toni za kitenzi. Tasnifu yake ya shahada ya pili yaweza kuwa orodha ya maneno ya kupimia usemi wa Kikurya, au jedwali la umri ambao watoto wa Kikurya humudu kila sauti. Kwa kuwa Wakurya wako pande zote mbili za mpaka wa Sirari, kazi hiyo itawafaa watoto wa Kenya pia. Mwalimu wa sekondari naye aweza kuianza leo, kwa kuwaagiza wanafunzi wake wakusanye maneno kutoka kwa wazee na kuyaandika kwa uangalifu, irabu ndefu na fupi, toni ya juu na ya chini.