Usingizi wa Mtu Mwenye Ugonjwa wa Parkinson

Pengine mama anafika kwa munganga, jicho lake limevimba. Anasema, "Baba alinipiga usiku, naye alikuwa amelala." Jirani wamekwisha kusema kwamba ni pepo, ama kwamba mzee anapigana na wachawi. Lakini munganga anatazama mikono ya mzee. Mkono mmoja unatetemeka, hata ukipumzika juu ya goti. Anatembea polepole, viungo vyake vimekazana. Mzee huyu ana ugonjwa wa Parkinson.

Munganga James Parkinson wa London aliandika habari za ugonjwa huu katika mwaka 1817. Yeye naye aliona ya kuwa usingizi wa wagonjwa unaharibika.

Sababu ya mapigo yale ni hii. Mtu asiye na ugonjwa akiota ndoto, ubongo wake unafunga nguvu za mikono na miguu. Anaota kwamba anakimbia nyoka, lakini mwili unalala kimya. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kufunga kule kumeharibika. Basi wanapiga kelele, wanarusha ngumi na mateke, wanaanguka kitandani. Mara nyingine hali hii inaanza miaka mingi mbele ya kutetemeka. Mzee hana hasira na mke wake. Ukimwamsha, atakuambia habari za nyoka tu.

Usimfunge kwa kamba! Weka godoro lake chini. Ondoa panga na taa ya mafuta karibu naye. Mama alale kwenye mkeka mwingine mpaka munganga atoe shauri, si aibu.

Shida ingine: usiku nguvu ya dawa inaisha, mwili unakuwa kama mti, naye hawezi kugeuka. Tena anataka kukojoa mara tatu, mara nne. Mwekee chombo karibu. Anywe maji mengi asubuhi na kidogo jioni, na kahawa asubuhi tu.

Mchana anasinzia, hata katikati ya mahubiri. Usimcheke. Pengine ni ugonjwa, pengine ni dawa yenyewe. Mtu wa namna hii asiendeshe pikipiki. Lakini asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana kuiacha ghafula kunaweza kuleta homa kali na hata kifo. Munganga anaweza kubadili saa za dawa ama kipimo chake. Siku ya kumwona, mama aje pamoja naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui aliyoyafanya usiku.